Sura ya Tatu: Anga la Saa Uliyozaliwa

Mtu akiulizwa nyota yake, hujibu kwa mwezi. Kama alizaliwa tarehe 10 Aprili atasema Punda, kama ni mwanzoni mwa Agosti atasema Simba, na mazungumzo yatahamia kwenye tabia: Simba hapendi kuamrishwa, Nge hasahau deni. Jibu hilo ni sahihi kwa kadiri yake, lakini linataja jambo moja tu, yaani upande wa anga lilikokuwa Jua siku ile. Kila aliyezaliwa ndani ya siku zile thelathini, awe wa Lamu au wa Lubumbashi, analo. Ramani ya kuzaliwa haianzii kwenye mwezi. Inaanzia kwenye saa.

Mazoea ya kutaja nyota kwa mwezi ni machanga kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 21 Agosti 1930 Princess Margaret alizaliwa Glamis, Scotland, na gazeti la Sunday Express la London likachapisha makala ya mnajimu R. H. Naylor kuhusu nyota za mtoto huyo. Wasomaji wakaipenda, akatakiwa aandike zaidi, na ndani ya miaka michache safu za nyota zikawa jambo la kudumu magazetini. Hapo ndipo ulipozuka ugumu: gazeti haliwezi kumchorea kila msomaji ramani yake. Ikabidi kitafutwe kitu ambacho kila mtu anakijua bila kuuliza, nacho ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa kuwa Jua huingia kila buruji karibu tarehe zilezile kila mwaka, wasomaji wakagawanywa mafungu kumi na mawili na kila fungu likapewa aya yake. Huku kwetu, Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alikuwa mstari wa mbele kuyafanya majina ya nyota yazoeleke magazetini, redioni na kwenye televisheni, hata asiyeamini unajimu akawa anajua yake.

Unajimu wa zamani haukuwa hivyo. Kwa karibu miaka elfu mbili, kuanzia Aleksandria, kupitia Baghdad na miji ya India, mnajimu aliyeletewa mtoto aliuliza mambo matatu: siku gani, saa ngapi, wapi. Bila saa na mahali hakuwa na ramani ya kuchora. Sura hii inaeleza ramani hiyo jinsi inavyoonekana, na jinsi msomaji wa Afrika Mashariki anavyoweza kuikadiria kichwani bila kompyuta.

Chukua karatasi uchore duara. Katikati ni pale ulipozaliwa. Mstari unaokata duara katikati, kutoka kushoto kwenda kulia, ni upeo wa macho: nusu ya juu ni anga iliyokuwa inaonekana dakika ile, nusu ya chini ni anga iliyokuwa imezibwa na ardhi. Kushoto ni mashariki, kulia ni magharibi. Hilo huwachanganya watu, maana ramani za shuleni zimezoea mashariki kuwa kulia. Sababu yake ni nyepesi. Walioanzisha mchoro huu waliishi kaskazini ya ikweta, ambako Jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini. Ukielekea kusini kulitazama, mashariki inakuwa mkono wako wa kushoto.

Kulizunguka duara kuna mkanda wa buruji kumi na mbili: Punda (wapo wanaosema Kondoo), Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Kila moja ina nyuzi 30, jumla 360. Ugawaji huu wa mafungu sawasawa ni kazi ya Wababeli, na ulikwisha kutumika katika karne ya tano kabla ya Kristo. Mkanda wenyewe ni njia. Jua, Mwezi na sayari hazitangitangi angani. Zote hufuata njia moja nyembamba, kama mabasi ya barabara moja yenye mwendo tofauti. Mwezi huimaliza kwa siku 27 na ushei, Jua kwa mwaka, Mirihi kwa karibu miaka miwili, Mshtarii kwa karibu miaka 12, na Zohali kwa miaka 29 na nusu hivi.

Lakini kuna mwendo mwingine, wa haraka zaidi, nao ndio unaozaa ramani. Dunia huzunguka mara moja kwa siku, kwa hiyo mkanda mzima wa buruji, pamoja na vyote vilivyomo, unaonekana kuchomoza mashariki na kuzama magharibi kila saa 24. Buruji kumi na mbili ndani ya saa 24 ni wastani wa saa mbili kwa kila buruji. Ile iliyokuwa inachomoza mashariki ulipotoa kilio chako cha kwanza ndiyo msingi wa ramani yako yote. Wanajimu huipa uzito sawa na Jua, na wengi wa zamani waliipa uzito zaidi. Watoto wawili wa siku moja katika hospitali moja, wakipishana saa tatu, wana Jua moja lakini karibu kila kitu kingine kimepangwa upya.

Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mzungu hana. Saa zetu zinahesabiwa kutoka macheo. Tunaposema saa nne asubuhi tunasema, bila hata kufikiri, kwamba saa nne zimepita tangu Jua lichomoze. Na Jua linapochomoza, buruji lilimo ndiyo inayochomoza pia. Haiwezekani kuwa vingine. Basi hesabu ni hii. Chukua saa ya mchana kwa Kiswahili, igawe kwa mbili, kisha hesabu buruji kiasi hicho kuanzia inayofuata ile yenye Jua. Mtoto wa Mombasa aliyezaliwa tarehe 10 Aprili saa nne asubuhi ana Jua katika Punda, nne kwa mbili ni mbili, Ng'ombe, Mapacha. Mapacha ndiyo iliyokuwa inachomoza. Kwa aliyezaliwa usiku fanya vivyo hivyo, halafu ongeza sita, kwa sababu nusu ya mkanda imekwisha kupita mchana.

Hesabu hii inatufaa sisi kwa sababu tuko karibu na ikweta. Dar es Salaam kila buruji huchukua kati ya saa moja na dakika 45 hivi na saa mbili na dakika kumi kuchomoza. Tofauti ni ndogo. London mambo ni mengine kabisa: huko Punda huchomoza kwa chini ya saa moja, na Mizani kwa zaidi ya saa mbili na nusu, tena macheo yenyewe huhama saa nyingi kati ya Juni na Desemba. Msomaji aliyezaliwa Uingereza au Kanada asiitumie. Atafute programu ya kuchorea ramani. Hata wa Muscat, hesabu hii itampotosha mara nyingine.

Na hata huku kwetu iwe ni makadirio. Jua likiwa mwanzoni au mwishoni mwa buruji, unaweza kupotea kwa buruji moja. Kisha kuna suala la mahali. Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini Kigoma iko mbali magharibi, na Jua huwafikia watu wake dakika 40 hivi baada ya kuwafikia wa Dar es Salaam. Kwa mzaliwa wa Kigoma, punguza dakika hizo kabla ya kugawa. Watoto wawili waliozaliwa dakika ileile, mmoja Kigoma na mwingine Dar es Salaam, wametofautiana nyuzi kama kumi kwenye upeo wa mashariki.

Tuchukue ramani moja halisi tuikague. Wanajimu huchora ramani za nchi kama wanavyochora za watu, wakihesabu saa ya uhuru kuwa saa ya kuzaliwa. Uhuru wa Tanganyika una saa inayojulikana na kila mtu: saa sita usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Dar es Salaam. Jua lilikuwa kwenye nyuzi ya 16 hivi ya Mshale. Sita kwa mbili ni tatu, ongeza sita unapata tisa. Hesabu tisa kuanzia inayofuata Mshale: Mbuzi, Ndoo, Samaki, Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke. Mashuke ndiyo iliyokuwa inachomoza kutoka baharini usiku ule. Hesabu kamili ya kitaalamu inatoa jibu hilohilo, karibu nyuzi ya tisa ya Mashuke.

Sasa weka vitu mahali pake. Mashuke iko kushoto, kwenye upeo wa mashariki. Samaki, inayokabiliana nayo, iko kulia, inazama. Juu kabisa, kwenye kilele cha anga, kuna Mapacha. Chini kabisa, chini ya miguu ya waliokuwa wakishangilia, kuna Mshale, na ndani yake Jua. Ni lazima liwe pale: ni usiku wa manane. Ukipewa ramani inayodai mtu alizaliwa saa sita usiku na Jua limechorwa juu, irudishe. Karibu na Jua, katika Mshale hiyohiyo, kulikuwa na Mirihi, na Mwezi haukuwa mbali. Ulikuwa umeandama, haujatimiza siku mbili. Zohali ilikuwa katika Mbuzi na Mshtarii katika Ndoo.

Uchunguzi huo wa Jua usiku wa manane si wa pekee. Utaridi haiendi mbali na Jua kuliko nyuzi 28, na Zuhura haizidi nyuzi 48 hivi, kwa sababu sayari hizo mbili zinalizunguka Jua ndani ya njia ya Dunia. Kwa hiyo ramani yenye Zuhura upande wa pili wa duara, ikilikabili Jua, ni ramani ya kubuni, na aliyekuuzia hakutazama anga wala jedwali. Mtu aliyezaliwa alfajiri hana budi kuwa na Jua chini kidogo ya upeo wa mashariki. Wa saa saba mchana, karibu na kilele. Mambo haya hayahitaji imani yoyote. Ni jiometri, na yanamtosha msomaji kumtofautisha mnajimu anayeijua kazi yake na anayebahatisha.

Sayari za jadi ni saba, ukihesabu Jua na Mwezi: hivyo viwili, kisha Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Uranus iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781, Neptune mwaka 1846, Pluto mwaka 1930. Wanajimu wa Ulaya na Marekani waliziongeza. Wa India wengi wameendelea na zile saba pamoja na sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi hukata njia ya Jua, Rahu na Ketu. Kila sayari imekabidhiwa eneo lake la maisha. Jua ni heshima na nguvu ya uhai, Mwezi ni hisia, mama na mwili, Utaridi ni maneno na biashara, Zuhura mapenzi na uzuri, Mirihi ugomvi na ujasiri, Mshtarii neema, Zohali mipaka, uzee na subira. Buruji ambamo sayari imo hueleza namna itakavyofanya kazi. Buruji nazo zimegawanywa kwa asili nne: moto (Punda, Simba, Mshale), udongo (Ng'ombe, Mashuke, Mbuzi), hewa (Mapacha, Mizani, Ndoo) na maji (Kaa, Nge, Samaki). Aliyezijua hizo nne hana haja ya kukariri vitabu vizima vya tabia.

Nyumba zinahitaji utulivu zaidi, kwa kuwa ndizo zinazosahauliwa na safu za magazeti. Duara hugawanywa tena mara kumi na mbili, safari hii si kwa kufuata anga bali kwa kufuata ardhi. Njia rahisi kuliko zote, na ya kale, ni kuifanya buruji inayochomoza yote kuwa nyumba ya kwanza, inayoifuata kuwa ya pili, na kuendelea. Nyumba ya kwanza ni mtu mwenyewe, mwili wake na sura yake. Ya saba, inayoikabili, ni mwenzi na yeyote unayekutana naye uso kwa uso, hata adui wa wazi. Ya kumi, juu, ni cheo na jina mbele ya watu. Ya nne, chini, ni nyumbani, wazazi, ardhi na kaburi. Ukizitazama hizo nne unaona mantiki yake: kinachochomoza, kinachozama, kilicho kileleni na kilichozikwa. Nyinginezo zinajaza nafasi kati yao: mali ya pili, ndugu wa tatu, watoto wa tano, maradhi na kazi za sulubu za sita, mauti na urithi wa nane, safari na dini za tisa, marafiki wa kumi na moja, vificho na vifungo vya kumi na mbili.

Katika ramani ya Tanganyika, Jua, Mirihi na Mwezi mwandamo vimekusanyika nyumba ya nne. Mnajimu yeyote, awe wa London au wa Delhi, akiona mkusanyiko huo ataanza kuzungumza juu ya ardhi, makazi na asili ya watu. Atataja vijiji. Naona ni haki kukumbusha kwamba anayesema hivyo leo tayari anajua jinsi watu walivyohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na kwamba suala la ardhi lisingekosa uzito katika nchi yoyote ya wakulima.

Kinachofuata ni mitazamo, yaani umbali kati ya sayari na sayari. Zikikaa pamoja zinakutana. Zikitengana kwa nyuzi 60 au 120 zinatazamana kwa wema. 120 ni umbali wa buruji zenye asili moja, moto kwa moto, maji kwa maji. Zikitengana kwa 90 zinavutana, na kwa 180 zinakabiliana. Claudius Ptolemy wa Aleksandria alizieleza pembe hizi katika karne ya pili, na hakuna aliyezibadili kwa kiasi kikubwa tangu hapo. Katika kukutana kote, wanajimu wa Baghdad waliupa uzito mkubwa mkutano wa Zohali na Mshtarii, unaotokea kila baada ya miaka 20 hivi. Masha'allah na Abu Ma'shar waliandika historia ya falme kwa kuufuata. Sayari hizo zilikutana katika Mbuzi mwezi Februari 1961, miezi michache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, na mara ya mwisho zilikutana tarehe 21 Desemba 2020, zikakaribiana hata watu wengi wakaziona kwa macho kama nuru moja jioni magharibi.

Msomaji mwenye majirani Wahindu, Dar es Salaam au Mombasa, anaweza kuwa amesikia kitu kinachomtatiza: kijana anayejiita Punda, kwa ramani aliyochorewa na kuhani wa hekalu ni Samaki. Wote wawili wamehesabu vizuri. Mhimili wa Dunia huyumba polepole sana, na kwa ajili hiyo nukta ya mwanzo wa Punda, pale Jua lilipo siku ya usawa wa mchana na usiku mwezi Machi, hurudi nyuma kwa nyuzi moja kila miaka 72 hivi. Hipparchus aligundua jambo hili katika karne ya pili kabla ya Kristo. Unajimu wa Magharibi umeamua kufuata majira: Punda huanza Machi, nyota zenyewe ziwe zimehamia wapi. Wahindi wameamua kufuata nyota zenyewe. Pengo kati yao leo ni nyuzi 24 hivi. Jua la Uhuru wa Tanganyika, ambalo kwa Magharibi lilikuwa Mshale, kwa kipimo cha India lilikuwa bado katika Nge. Mnajimu anayechanganya vipimo viwili ndani ya ramani moja hana ramani.

Pwani kuna njia ya tatu, nayo watu huidhania kuwa ndiyo hiihii. Mwalimu wa falaki anayetumia kitabu cha Abu Ma'shar hamuulizi mgeni saa ya kuzaliwa. Humuuliza jina lake na jina la mama yake. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110, Mariamu, kwa herufi zake nne, ni 290. Jumla ni 400. Ondoa kumi na mbili kumi na mbili hadi usiweze tena, zinabaki nne, na buruji ya nne ni Kaa. Nyota ya Ali mwana wa Mariamu ni Kaa, hata kama alizaliwa Desemba. Sitaki kuidharau njia hii. Ina historia yake na adabu yake, na imewapa watu wa pwani lugha ya kuzungumzia majaliwa kwa karne nyingi. Lakini anga haimo ndani yake. Anayetaka kuelewa ramani ya kuzaliwa azitenganishe, asije akapewa nyota ya jina akaisoma kama nyota ya saa.

Saa yenyewe ndiyo ngumu kuipata. Wengi wetu hatuna karatasi iliyoiandika. Tunao mama, shangazi, bibi na mkunga, na kumbukumbu zao ni bora kuliko tunavyozipa sifa, mradi tuulize vizuri. Ukimwuliza mama, "Nilizaliwa saa ngapi?" atasema hajui. Ukimwuliza, "Mama, ilikuwa kabla ya adhana au baada?" anaweza kukujibu papo hapo. Nyakati za sala ni vipimo vya Jua. Aliyezaliwa wakati wa Magharibi, Jua lilikuwa linazama, kwa hiyo buruji iliyochomoza ni ile inayoikabili buruji yake ya Jua. Punda wa Magharibi ana Mizani mashariki. Aliyezaliwa Adhuhuri ana Jua karibu na kilele. Aliyezaliwa jogoo wa kwanza wakiwika bado yuko gizani, saa kadhaa kabla ya macheo. Hata bila adhana, watu hukumbuka kivuli, ng'ombe wakirudi, watoto wakitoka shule.

Siku pia iulizwe kwa uangalifu. Bibi akisema ulizaliwa usiku wa Ijumaa, kwa hesabu ya wazee wengi wa pwani siku huanza Jua linapozama, basi huo ni usiku unaofuata Alhamisi, si ule unaokwenda kwa Jumamosi. Kosa la siku nzima halibadili sana Jua, lakini Mwezi husogea nyuzi 13 hivi kwa siku na unaweza kuwa umevuka buruji. Na kwa waliozaliwa Tanganyika miaka ya 1950, liko jambo ambalo programu nyingi za simu hukosea: saa ya serikali wakati huo ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, si saa tatu kama leo. Dakika 15 ni karibu nyuzi nne za upeo wa mashariki.

Msomaji ana haki ya kuuliza kama haya yote yanasema kweli kuhusu maisha ya mtu. Swali hilo limepimwa. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu 28 walipewa ramani za watu halisi, na kwa kila ramani maelezo matatu ya tabia yaliyotokana na dodoso la kisaikolojia, moja la mwenye ramani na mawili ya watu wengine. Wao wenyewe walitarajia kupatia angalau nusu. Walipatia theluthi, kiasi kilekile ambacho mtu angepatia kwa kufumba macho. Kabla ya hapo, mwaka 1948, mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, akimwambia kila mmoja ni yake peke yake, nao wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Yalikuwa maneno yaleyale kwa wote, mengi akiwa ameyatoa kwenye kitabu cha unajimu cha dukani. Wenye elimu ya anga walikuwa na mashaka zamani sana. Ibn Sina aliandika kuupinga unajimu. Al-Biruni, aliyeandika mwaka 1029 kitabu cha maswali na majibu kinachofundisha hatua kwa hatua mengi niliyoeleza hapa, hakuficha kwamba hakuwa na imani na hukumu za wanajimu. Wanazuoni wa Kiislamu na viongozi wengi wa Kikristo wameukataza kwa sababu za dini, wakiiacha kando elimu ya falaki inayotafuta kibla, miezi na nyakati za sala.

Nakubaliana na matokeo ya majaribio hayo. Ramani haitakuambia umwoe nani wala lini utapata kazi, na anayekutoza fedha kwa majibu hayo anakuuzia asichokuwa nacho. Hata hivyo nashikilia kwamba ramani yenyewe si uongo. Ni kumbukumbu ya kweli ya anga. Sayari zina mwendo tofauti kiasi kwamba mpangilio wake haujirudii ulivyo kwa karne na karne, na mtaalamu akipewa mpangilio bila tarehe anaweza kuitafuta tarehe.

Hilo limefanyika. Miongoni mwa ramani za kale kabisa zilizopatikana ni bamba dogo la udongo la Babeli, lililoandikwa kwa ajili ya mtoto wa mtu aitwaye Shuma-usur. Linasema mtoto alizaliwa mwezi wa Nisan, Mwezi ukiwa karibu na Nge, Mshtarii katika Samaki, Zuhura katika Ng'ombe, Zohali katika Kaa, Mirihi katika Mapacha, na Utaridi haionekani kwa kuwa ilikuwa imezama. Kisha linamtakia mtoto mema. Mwaka haumo katika maneno yaliyosalia. Wataalamu walizirudisha sayari nyuma kwa hesabu hadi zikakaa zote mahali zilipotajwa, wakapata usiku mmoja tu: tarehe 29 Aprili, mwaka 410 kabla ya Kristo.